Arusi ya Mrehani

Mrehani wa uani kwa kina Vasant uliota kwa mkono wa mjane. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo, na mtaa mzima ulijifanya haulijui.

Sulochana aliipanda mbegu mwaka aliofiwa na mumewe, Dattatray, baada ya mrehani wa zamani kunyauka kwenye kijukwaa chake cha matofali. Hakuwahi kuzaa. Kila alfajiri, akishaoga, aliumwagilia maji, akauzunguka, akauambia mambo yake. Mwenye homa alikuja kwake, mwenye kikohozi alikuja kwake. Aliyachuma majani kwa ncha za vidole, si Jumapili wala jua likishazama, maana ni mwiko, akayachemsha kwa tangawizi na pilipili manga. Vasant, mdogo wa marehemu, ambaye kifua chake kililia kama mvukuto kila baridi ilipoingia, asingefika mwaka huu bila kikombe cha shemeji yake.

Mvua zikiisha, mrehani huozwa kwa mungu Vishnu, na hapo ndipo binadamu nao huanza kuoana. Vasant na mkewe Nirmala walijaliwa wavulana watupu, na asiye na binti humwoza mrehani apate thawabu ile ile. Mwaka huu waliamua kufanya kweli, wakaalika watu.

Sulochana aliomba jambo moja tu: asimame pale bibi arusi anapotolewa, hata nyuma ya watu.

Nirmala alikuwa na ulimi wa asali. "Dada, ingekuwa mimi peke yangu, wala usingeuliza," alisema. "Lakini ni arusi. Watu wanakuja na mabinti zao. Mjane akionekana kabla pazia halijashushwa, mkosi ukaingia, nani atalaumiwa? Si mimi?"

"Mimi ndiye niliyemlea, Nirmala."

"Nani amekataa? Kaa jikoni kidogo tu. Ladu za kwanza nitakuletea mwenyewe."

Shukrani ya punda ni mateke, na huyu alipiga teke huku akitabasamu.

Siku ikafika. Mrehani ukavikwa sari nyekundu na bangili za kijani, mabua ya miwa yakasimamishwa kuwa kibanda. Kuhani akaliweka jiwe jeusi la Vishnu upande wa pili, pazia jeupe likashikwa katikati, wageni wakangoja na mchele wa manjano mikononi. Sulochana alikuwa jikoni, mlango umerudishwa. Alimsikia kuhani akiuliza wazazi wa bibi arusi wako wapi, akamsikia Nirmala akiitikia kwamba wapo. Akaufungua mlango, akatoka na sari yake ya rangi ya maziwa, akasimama mbele ya watu.

"Guruji, nina swali," alisema. "Bibi arusi huyu, kabla hajawa mti, alikuwa mke wa nani?"

Kuhani akatazama chini. Kisa alikijua tangu utotoni, kama kila mtu pale. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba alikuwa Vrinda, mke wa Jalandhar, mwaminifu kiasi kwamba mumewe hakuweza kuuawa vitani. Mpaka Vishnu alipomjia kwa sura ya mumewe, uaminifu ukavunjika, na mume akauawa.

"Basi akafiwa."

"Akafiwa, mama."

"Mnamwoza mjane," alisema Sulochana, "na mjane mnamfungia jikoni."

Mama mmoja akamvuta binti yake, akamfunika uso kwa upindo wa sari. Shangazi yake Vasant akasema mwanamke huyu ana kisirani, alimla mumewe na sasa anataka kuila arusi. Vasant aliitazama miwa. Mdomo alikuwa nao, na pumzi ya kuutumia alipewa na huyo huyo shemeji, lakini hakuutumia. Nirmala akamshika Sulochana mkono, kwa upole kabisa, akamrudisha jikoni, akatia komeo. Pazia likashushwa, mchele ukarushwa, watu wakala.

Asubuhi Sulochana alikuta maji matakatifu yamenyunyizwa pale alipokuwa amesimama. Nirmala alikuwa kwenye mrehani, kopo mkononi. Alimwambia dada yake apumzike. Kuanzia leo atamwagilia yeye, na asiusogelee tena. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Baridi ikaingia, Vasant akaanza kukohoa. Nirmala akaleta majani, akayaacha kizingitini mwa jiko, yamekwanyuliwa pamoja na matawi yake. Sulochana aliyatazama kwa uchungu. Kisha akayaosha na kuyachemsha, kwa kuwa hakujua kumnyima mgonjwa dawa, na akajichukia kwa hilo.

Vasant alikuja mwenyewe kukifuata kikombe. Akakaa kwenye kibao, akaupuliza mvuke, akakohoa.

"Shemeji, usiweke moyoni," alisema mwishowe. "Nitaongea na Nirmala. Uwe unakwenda hata kuutazama tu."

"Nikafanye nini? Mimi nimeshamwoza, Vasant. Binti akiolewa, mama yake hamfuati kwa mumewe. Kunywa, isije ikapoa."

Vasant akanywa yote, na wala hakuongea na Nirmala.