Sauti ya Kiume Nyumbani kwa Josefina

Sauti iliyotoka mapajani mwa Josefina ilikuwa ya kiume, kavu, yenye kukwaruza kama ya mtu anenaye ndani ya debe. "Sitaki kwenda Milepa," ilisema.

Shemeji yake, Baltazari, alitua kikombe cha togwa. "Shemeji, matanga ya kaka yangu hayajapoa, umeshaingiza mwanamume ndani?"

Wilibrodi, mwana wa Josefina wa kumzaa, alicheka huku akitazama dirishani. Mkewe, Debora, hakucheka. Alikuwa akichambua maharage, na punje mbovu akizitupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia na ulimi wa Josefina vilikuwa vimekufa ganzi. Ulimi ule! Mtaa mzima wa Majengo uliujua. Ulikuwa wembe, uliwachanja wauza mitumba na makatekista, lakini aliyechanjwa zaidi ni Debora, aliyeitwa tasa mbele ya wageni mpaka siku alipojifungua. Ulipozimika, wengi walitoa pole kwa midomo na kushusha pumzi mioyoni. Ni binti yake Klementina, aliyefanya kazi Mbeya, aliyemletea simu hii: unaandika, yenyewe inasema. Josefina alidhani amerudishiwa wembe wake.

Kumbe ulikuwa butu. Kidole cha kushoto kilitambaa herufi kwa herufi, na watu hawakumngoja. Alipojibu habari ya bei ya ulezi, wao walikwisha fika kwenye ya mahindi. Hata matusi yalitoka yamepoa, watoto wakayaigiza uani wakicheka.

Leo shauri lilikuwa nyumba. Chumba cha mbele kilitazama barabara, na siku hizo kila ukuta uliotazama barabara ulitobolewa ukawa duka. Mpangaji alikwisha patikana. Josefina angeteremshwa Milepa kwa ndugu, kwenye joto la bondeni, "akapumzike."

"Mama hana neno," alisema Wilibrodi. "Tumalize."

Josefina akabonyeza. "Matofali ya nyumba hii nilifyatua mi—"

Baltazari alimpokonya simu, akaifungua mgongo, akachomoa betri. "Nimekuja kuzungumza na watu. Sizungumzi na redio."

Upepo ulitikisa mabati. Josefina alifungua mdomo. Ute ukamtiririka kidevuni, neno lisitoke. Wanaume wakarejea kwenye mazungumzo ya mlango wa duka, kama uwe wa mbao au wa chuma. Ghafla akauona akilini uso wa Debora wa siku zile alipomwita tasa mbele ya wageni, umeinama hivi hivi kama wake sasa. Hakutaka kuuona.

Debora aliweka ungo chini, akamwendea Baltazari, kiganja wazi.

"Baba mdogo, nipe hiyo betri."

"Unamtetea? Huyu?"

"Simtetei. Simpendi, na mwenyewe anajua. Alinisema miaka yote, nikameza. Leo aseme, na mimi nimjibu. Aliyezibwa mdomo nitamjibu nini?"

"Debora!" mumewe alikemea.

"Nawe subiri."

Baltazari aliitupa betri mkekani. Debora aliiokota, akaipachika, akangoja simu iwake, kisha akaiweka mapajani mwa mama mkwe wake bila kumgusa. Akasimama kati yake na wanaume.

Safari hii wote walingoja. Kidole cha Josefina kilianza kulitafuta neno kali la zamani, lenye kuwatosha wote waliokuwamo, kikasita, kikalifuta.

"Debora," ilisema sauti ya kiume, ikakoma.

"Nakusikia, mama." Uso wa Debora haukulegea. "Endelea."

Kidole kilitambaa juu ya kioo, kikiitafuta herufi inayofuata.