Maua Mekundu

Frederick, fundi wa kompyuta, alipofika kwenye duka la Najat, mtaa wa Sakina, hakukaribishwa hata kiti.

"Tapeli mkubwa wewe!" Najat alimfokea. "Hii mashine uliyoniuzia, nikifungua barua moja naweza kwenda sokoni na kurudi, bado inakoroma. Leo imegoma kabisa!"

Frederick alimeza hasira. Tangu ruksa ya biashara huria iingie nchini, kila mwenye duka alijiona mjuzi. Alitega sikio. Diski, inamotunzwa kazi yote, ilikuwa ikigonga kwa ndani. Akagusa kasha, akaurudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria. Hapo ndipo alipokiona kitambaa kizito cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu, kimeshuka mpaka nyuma na kuziba matundu yote ya hewa.

Moyo wake ukachekelea. Amempata!

"Mama, umeipika mwenyewe!" alibwata, makusudi wateja wasikie. "Kompyuta si kochi la kuvalishwa vitambaa. Mshamba gani alikufundisha kuifunika ikiwa inawaka?"

Najat alikivuta kile kitambaa, akakikunja taratibu, akamsukumia kifuani.

"Mrudishie mkeo aliyekifuma. Ulikivalisha wewe, siku ulipoileta, ukanikanya nisikitoe kamwe, eti vumbi la Sakina litaiua."

Frederick akayatazama yale maua mekundu. Mitaa ya Kijenge na Lemara nako, kila kompyuta aliyouza aliifunika kitambaa kama hicho.