Hadhira ya Saa Moja na Nusu

Saa moja na dakika ishirini na tisa asubuhi, Wanu aliweka kisu chini, akaufunika muhogo kwa kawa na kujifuta mikono kwenye kanga. Miaka ya mwanzo hakuwa akiweka kisu chini, na kovu la kidole chake cha shahada lilitoka huko. Redio ya jirani ilikuwa bado inasoma matangazo ya vifo. Ilipofika saa moja na nusu, Mwalimu Ubwa alianza kuita majina ya darasa la tano. Aliyaita kama siku zote, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa kooni na mwiba wa changu, akipumzika kidogo baada ya kila jina ili atie alama. Jina la Wanu lilikuwa la mwisho.

"Wanu Shaame Mkubwa."

"Nipo," alisema Wanu.

Jikoni hamkuwa na mtu mwingine. Alichukua kisu akaendelea na muhogo.

Ilikuwa hivyo kwa miaka saba, kila siku ya skuli. Jumamosi na Jumapili hakuitwa, wala siku za likizo, na mwezi wa Ramadhani aliitwa nusu saa baadaye, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyokuwa. Mwalimu Ubwa mwenyewe alikuwa keshastaafu. Alikuwa kwao Matemwe akifuga kuku, na saa hizo mara nyingi alikuwa bado yumo chandaruani. Sauti yake haikuwa na habari hiyo. Wanu aliwahi kujaribu kunyamaza mara moja tu. Siku ile jina liliitwa mpaka adhuhuri, na wali ukaungua.

Bi Zeyana, mwenye nyumba, alikuwa keshazoea. Akiwa katikati ya kutoa maagizo na saa ikafika, alisita na kusema, "Jibu kwanza, mwanangu." Wanu akijibu, maneno yaliendelea palepale yalipokatika, kwenye tui au kwenye mashuka.

Bi Zeyana alikuwa mjane, na nyumba hiyo ya Mji Mkongwe, yenye orofa tatu na ngazi zinazomaliza pumzi, ndiyo iliyobaki katika mali ya wazee wake. Alimchukua Wanu Matemwe akiwa na miaka kumi na miwili. Alimwambia mama yake, ambaye alikuwa amesimama na magunia ya mwani kichwani na begani, kwamba mtoto atasoma mjini, skuli iko hapo nyuma ya nyumba tu. Mwaka ule Bi Zeyana alivimba miguu. Akasema mwakani, inshaallah. Mwakani mjukuu alizaliwa, na mwaka uliofuata kulikuwa na hitma. Hakuna aliyewahi kukataa. Wanu alikula sinia moja na wenye nyumba, na nguo yake ya Idi ilikatwa kwenye jora moja na za wajukuu.

Mwaka huu orofa ya kati ilikodishwa na wanafunzi wa chuo cha filamu. Walikuwa wawili, Faiza na Samir, na walikuwa na miezi mitatu ya kutengeneza filamu ya dakika kumi na mbili. Faiza ndiye aliyeongoza. Samir alishika sauti, na hedifoni zake hazikutoka shingoni hata akila. Filamu yao ilikuwa inahusu msichana aliyetolewa skuli. Kabla ya kupiga picha hata moja, mwalimu wao, Maalim Darwesh, aliwataka wajaze fomu ya utafiti wa hadhira: filamu ni ya nani, ana umri gani, anaishi wapi, huangalia filamu saa ngapi.

"Ya wasichana waliotolewa skuli," aliandika Faiza. "Miaka kumi na tano hadi ishirini na tano. Mjini na Ng'ambo."

Wakachapisha karatasi sitini na kwenda kuwatafuta. Kwa wiki mbili Wanu aliwaona wakitoka asubuhi na kurudi na vumbi la Mwanakwerekwe kwenye viatu. Alikuwa akiwapelekea chai. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakamwamkia aliyefungua, wakauliza kama humo mna msichana aliyetolewa skuli. Kila mwenye nyumba alijibu hamna. Wengine waliwakaribisha ndani, wakaletewa maji ya kunywa na msichana, wakanywa, wakashukuru, wakaandika hamna.

Siku ya mwisho Faiza aliona ni adabu kuuliza na hapa wanapoishi. Alipanda orofa ya juu, Wanu akiwa anamkanda Bi Zeyana miguu.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mbona umekonda hivyo, hiyo filamu inakula nyama yako?"

"Nnakuuliza kwa ajili ya fomu tu. Humu ndani hamna msichana aliyetolewa skuli?"

"Humu?" Bi Zeyana alishangaa kidogo. "Hamna. Mimi nnakaa na huyu Wanu tu, na huyu ni mwanangu."

Faiza akaandika hamna. Wanu akabadilisha mguu.

Fomu zilizojazwa zilikuwa saba, na zote zilijazwa na marafiki wa Faiza ili asione vibaya.

Aliyeipata hadhira ni Samir. Alikuwa amepanda juu ya paa kunasa sauti za asubuhi, kunguru, baiskeli, na mwanamke anayefagia, ili ziwekwe nyuma ya picha. Aliposikiliza alikuta neno moja linarudi kila siku saa ileile. Alishuka jikoni akamkuta Wanu anachuja tui.

"Samahani, dada Wanu. Wewe ndiye unayesema 'nipo'?"

Wanu alitazama kifumbu. "Ndiye."

"Unamjibu nani?"

"Mwalimu. Anaita majina."

"Aa." Samir alifikiri. "Bibi yangu Makunduchi naye hujibu. Yeye aliachia darasa la tatu. Sisi tulikuwa tunafikiri anasali."

"Haijamwisha?"

"Ana miaka themanini na mbili. Imekuwa ndogo, lakini bado."

Wanu aliitikia kwa kichwa, akakamua tena. Alikuwa na swali jingine, na lilimchukua mpaka bakuli lijae. "Huyo bibi yako," alisema, "angerudi skuli, hiyo sauti ingenyamaza?"

"Hata sijui. Hakuna aliyewahi kurudi tukajua."

Asubuhi iliyofuata Samir na Faiza waliweka vinasa sauti vinne juu ya paa, kila kimoja kimeelekezwa upande wake. Saa moja na nusu ilipofika, mji ulijibu. Sauti ya kuita haikuingia kwenye vinasa, iliingia ya kujibu tu. Zilitoka jikoni na mabafuni, nyuma ya cherehani, kwenye meza za samaki, kwenye korido za nyumba za wageni ambako mashuka yalikuwa yanabadilishwa. Nyingi zilikuwa za wasichana. Nyingine zilikuwa za watu wazima, na chache za wanaume wenye sauti nzito waliojibu kwa kukohoa kwanza. Skuli haziiti zote kwa dakika moja, kwa hiyo ilichukua robo saa. Kwenye soko la Ng'ambo mwanamke alisikika akisema, "Hili dera la pamba halisi, lishike uone, nipo, lishike," na mnunuzi akasema, "Lete."

Samir alihesabu kwa vijiti, tano tano, siku mbili. Alipata elfu moja mia tatu na kumi na sita, bila ya upande wa kaskazini, ambako upepo uliharibu.

Faiza alishuka jikoni siku hiyo na karatasi moja. Haikuwa fomu ya hadhira. Ilikuwa ya darasa la jioni huko Ng'ambo, la watu wazima, saa kumi hadi saa kumi na mbili, siku tatu kwa wiki. Anayemaliza alifanya mtihani. Ilitaka jina, darasa aliloachia, na sahihi ya mtu anayeishi naye. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi.

"Jaza, dada Wanu. Mimi ntazungumza na Bi Zeyana."

Wanu alijaza yeye mwenyewe, kwa kalamu ya Faiza. Herufi zake zilikuwa za darasa la tano, kubwa na za kusimama wima. Kwenye darasa aliloachia aliandika 5.

Bi Zeyana aliisoma karatasi akiwa ameiweka mbali na macho.

"Jambo zuri sana hili," alisema. "Elimu ni nuru. Lakini saa kumi ndiyo maji yanafunguliwa, Faiza. Nani atajaza madumu? Mimi na magoti haya?"

"Mimi na Samir tutajaza, Bi."

"Nyinyi mnaondoka mwisho wa mwezi. Mkishaondoka nijaze kwa kijiko?" Alicheka, na Faiza naye akacheka kwa adabu. "Niwekee hapo chini ya saa. Mwakani, inshaallah, tutatafuta na mtu wa kutusaidia."

Wanu aliiweka karatasi chini ya saa ya mezani. Kila siku alipofuta vumbi aliinyanyua saa, akafuta, akairudisha.

Maalim Darwesh alikuja kusikiliza kanda za Samir. Alivaa hedifoni, miwani akaipandisha kwenye paji la uso, akasikiliza robo saa nzima. Wanu aliingia na chai akaiweka mezani.

"Ni hadhira kubwa," alisema alipomaliza. "Filamu ya mwanafunzi haijapata hadhira kubwa namna hii tangu nianze kusomesha. Sasa nambieni, wana nafasi saa ngapi?"

Faiza alitazama karatasi zake. "Hatujapata aliye na nafasi, Maalim."

"Wana mtu wa kuwapa ruhusa?"

"Hamna."

"Basi hiyo si hadhira, mwanangu. Hadhira ni mtu anayeweza kukaa kwenye kiti." Alikunywa chai. "Chai nzuri hii. Nani kapika?"

"Dada Wanu," alisema Samir. "Yumo kwenye ile hesabu."

"Ahsante, Wanu," alisema Maalim Darwesh.

Faiza alinuna siku moja. Siku ya pili alikumbuka kwamba fomu ya hadhira ina alama ishirini kati ya mia, akaikata ile sentensi ya mwanzo, akaandika: wageni waalikwa na watu wanaopenda mambo ya watoto wa kike, miaka ishirini na tano hadi hamsini, wenye nafasi jioni. Maalim alimpa alama kumi na nane.

Filamu ilipigwa humo humo ndani ya nyumba. Walitaka sauti ya Wanu iwemo, wakamkalisha mbele ya kipaza sauti asubuhi tatu, akaitwa na akajibu. Lakini ilikuwa ndogo. Samir aliikuza, ikaleta na mkwaruzo wa redio ya jirani. Mwisho Faiza alisema neno hilo yeye mwenyewe, mara sita, na ya nne ndiyo iliyotumika.

Onyesho lilikuwa Alhamisi hiyohiyo ya mwisho ya mwezi, saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa hoteli moja ya baharini. Bi Zeyana alialikwa kama mwenye nyumba. Alivaa baibui jipya akajifukiza udi, na kwa kuwa ngazi za hoteli zilikuwa nyingi Wanu alimshika mkono mpaka mlangoni. Maji siku hiyo yalijazwa mapema kwa ndoo za kisimani, kwani Wanu alianza kuyateka alfajiri. Mlangoni kijana mwenye orodha alimwonyesha Bi Zeyana kiti chake safu ya pili. Jina la Wanu halikuwemo. Aliambiwa akae kwenye benchi la nje, akapewa na soda.

Mlango ulikuwa wa mbao nene lakini ulipitisha sauti. Wanu alisikia muziki, kisha mtu akiita majina, na jina la mwisho lilikuwa lake, kwa kuwa Faiza aliomba kulitumia na yeye alikubali. Alingoja mdomo wake ujibu. Haukujibu. Aliyeita hakuwa Mwalimu Ubwa. Ndani, sauti ya Faiza ilisema, "Nipo," safi na ya wastani, na watu wakapiga makofi muda mrefu.

Bi Zeyana alitoka na macho mekundu. Walirudi polepole kwa njia ya vichochoro, yeye akiuegemea mkono wa Wanu.

"Nimelia, wallahi," alisema. "Watu hawana imani. Mtoto wa watu umtoe kwao, umwambie atasoma, halafu umgeuze hivyo! Hivi Mungu watamwambia nini?"

"Sijui, Bi."

"Hata mimi sijui. Angalia hapo, pana maji."

Wanu alimvusha. Walipofika nyumbani alimpa dawa yake ya presha, akamvua viatu, akafuta vumbi mezani. Aliinyanyua saa, akaitoa karatasi. Ilikuwa ile Alhamisi ya mwisho, na ofisi ya darasa la jioni ilikuwa imeshafungwa. Aliikunja mara nne akaitumia kuzuia dirisha lililokuwa likigonga.

Faiza alishinda tuzo ya filamu fupi na kwenda Dar es Salaam. Samir alibaki, akapewa kazi chuoni kwa ajili ya kanda zake, na mwezi uliofuata aliwaleta wanafunzi wapya orofa ya kati. Chuo kilikuwa kimewaandikia maelekezo ya ukurasa mmoja. La tatu lilisema kwamba kwenye eneo la mji sauti zisinaswe kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasorobo asubuhi, kwa sababu ya majibu. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kila mmoja alikuwa na shangazi.

Lakini wanafunzi hawa walitaka mwanga wa saa hizo hasa, unapopenya ua wa ndani na kugusa ngazi. Samir aliweka magodoro madirishani, akazuia sauti za mtaa zote. Ikabaki moja tu, ya humu ndani. Alikwenda jikoni, akasimama mlangoni na hedifoni zake shingoni.

"Dada Wanu, niwie radhi. Ile stoo ya chini, ina joto sana?"

"Haina," alisema Wanu. "Kuta zake nene."

"Robo saa tu. Kwa wiki moja, au mbili."

"Haidhuru."

Saa moja na dakika ishirini na tano alishuka na ungo wa mchele, ili wakati usipotee, akavuta mlango nyuma yake. Aliona kidogo, kwa mwanga wa tundu la juu, na chuya aliziona zote. Mwalimu Ubwa alianza na wavulana. Alipofika jina la mwisho, Wanu alimjibu kwa sauti ya kawaida.

Juu, Samir alibonyeza hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Safi," aliwaambia wanafunzi. "Kimya kabisa. Tuanze."