Kinamasi Mgongoni mwa Maksai

Jumanne asubuhi, kabla chai haijachemka, Nkuba alikuwa anampaka maksai wake dawa ya kupe alipokuta kichaka kidogo kimeota nyuma ya nundu. Alikivuta. Maksai alitikisa ngozi, na maji baridi yakamtiririkia Nkuba kiganjani. Akadhani ni ugonjwa. Mfugaji yeyote wa Usangu angedhani hivyo hivyo.

Afisa mifugo alipima joto, akakagua macho na kwato, akasema mnyama ni mzima na mimea si idara yake. Alishauri asipelekwe joshoni, kwa sababu dawa ingeichoma mizizi. Kwa mtu aliyesomea ng'ombe, ulikuwa ushauri mzuri.

Wiki ya tatu mgongo mzima ulikuwa kinamasi cha mlimani. Vichaka vya erika, mmea wa milima ya baridi, vilifika kimo cha goti, ndago zikajaza mabonde ya katikati, na chini yake kulikuwa na mboji nyeusi iliyoshika maji kama godoro lililolowa. Kijito chembamba kilishuka ubavu wa kushoto. Ilikuwa Oktoba na mto ulikuwa mchanga mtupu. Esther, mke wa Nkuba, aliacha kutembea saa mbili kufuata maji. Alitega ndoo ubavuni mwa maksai, akarudi kupepeta mchele.

Shida ilikuwa tangazo la Kamati ya Kunusuru Chemchemi lililobandikwa mlangoni: wafugaji wote wahame kabla ya Desemba, kwa kuwa mifugo yao ndiyo iliyokausha mto. Nkuba alikuwa ameishi pale miaka ishirini na miwili, na mama yake alizikwa nyuma ya jiko. Mara mbili aliomba kusikilizwa. Hakujibiwa, na jambo hilo lilimkera kuliko tangazo lenyewe.

Habari za maksai zilimfikia Hanifa, mtaalamu wa mimea, akaja kutoka Mbeya na fremu ya waya ya nusu mita. Alipanda juu ya kigoda, akailaza fremu mgongoni, akahesabu mmea mmoja mmoja. Maksai aliendelea kucheua. Kwenye mboji vidole vya Hanifa viligusa kigingi cha bati chenye namba 14. Akashuka, akaketi.

"Mzee, hiki kigingi nilikipigilia mimi mwenyewe kwenye kinamasi, huko juu Uporoto," alisema. "Mwaka juzi mwenye shamba alichimba mitaro, akakikausha kile kinamasi, akapanda mikaratusi."

"Sasa kimekuja kwangu kufanya nini?"

"Sijui, mzee. Ila maji ya mto wenu yalikuwa yanaanzia pale."

Nkuba alimgeukia ng'ombe wake. "Basi andika hivyo, mwanangu. Andika si ng'ombe zangu."

Hanifa aliandika kurasa kumi na moja, bila kupindisha neno. Kamati ya Kunusuru Chemchemi ilizisoma zote, ikamshukuru, na haikutilia shaka hata mstari mmoja. Ilikubali kwamba kinamasi kipo mgongoni mwa maksai na kwamba ni chanzo cha maji. Kuhusu mitaro ya Uporoto, iliona kuwa huko hakuna tena kinamasi cha kuhifadhi.

Jumatatu walifika maafisa wawili na utepe wa kupimia. Kisheria, shughuli za binadamu haziruhusiwi ndani ya mita sitini za chanzo cha maji. Walianzia ubavu wa kushoto wa maksai, wakavuka ua, nyumba, jiko na kaburi, wakachomeka kijiti kwenye majaruba ya mpunga.

"Nyumba yangu iko ndani," Nkuba alisema.

"Ndani kabisa, mzee," afisa alijibu kwa adabu. "Pole sana."

Nkuba na Esther walibeba walichoweza, wakasimama nje ya kijiti. Maksai alikuwa amelima na Nkuba miaka tisa. Alipomwona amesimama mbali bila kamba alishangaa kidogo, akaanza kumfuata.

"Rudi nyuma, baba Seni," Esther alimwambia mumewe. "Chanzo cha maji kinakuja. Watakukamata."

Nkuba alirudi nyuma huku akimtazama maksai, na moyo ulimuuma sana. Maksai aliongeza mwendo, maji yakichuruzika kwenye vumbi. Walivuka majaruba hivyo, kisha mpaka wa jirani. Afisa mwenye utepe alimwomba Nkuba asiende haraka, maana ilibidi wapime upya kila hatua.