Ukuta wa Hesselink na Lammerdink

Wubbo Hesselink, kondakta mstaafu wa treni, aliniita nyumbani kwake katika mji wa kale wa Zutphen mwezi wa Machi kwa sababu ya doa la unyevu sebuleni. Mimi ni fundi lipu. Aliniambia chanzo ni jirani yake.

"Huyo mama ana mkosi mpaka kwenye mabomba," alisema.

Jirani huyo ni Riek Lammerdink, mjane aliyeshona mapazia maisha yake yote. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na mmoja, tangu walipogombana juu ya baiskeli ya nani iegemee wapi.

Nikabandua lipu. Kwa jinsi nyumba ilivyo kwa mbele, nilitarajia matofali. Nikakuta singa za farasi, matete, na mbao zilizopigiliwa kwenye nguzo nene za mwaloni. Katika mji wetu, ukikuta kitu kama hicho unaweka nyundo chini na kupiga simu.

Akaja Machteld, mtaalamu wa majengo ya kale. Alimulika boriti ya juu kwa tochi, akaifuata mpaka ilipozama ukutani.

"Hii haiishii hapa, Bwana Hesselink. Inaendelea kwa jirani. Hizi si nyumba mbili, ni ukumbi mmoja, una zaidi ya miaka mia sita. Matofali ya mbele jengo lilivikwa baadaye. Nadhani warithi walikosana, wakagawana."

"Kwa hiyo kati yangu na yule kuna nini?"

"Mbao. Unene wa kidole gumba."

Akatoa kekee ili achukue kipande cha mti, ahesabu umri wake. Akaanza kutoboa.

"Polepole huko," ukuta ukasema. "Picha ya marehemu mume wangu imetundikwa hapa."

Machteld akazima kekee. Hesselink alikaa kwenye kiti.

"Anasikia?" akaniuliza.

"Nasikia tangu nilipohamia," alijibu Bibi Lammerdink. "Mbuzi mzee nimesikia. Mchawi wa mapazia nimesikia. Hilo la juzi sikulielewa, ulikuwa unatafuna."

Hesselink aliiva uso mpaka kwenye upara. "Mtu anaongea peke yake mezani, Riek. Si kwamba alikuwa anakuambia wewe."

"Najua. Ulipoanguka bafuni, nani alikuletea daktari?"

"Daktari alisema alikuwa anapita."

"Madaktari hawapiti, Wubbo."

Machteld alijifanya anaandika. Niliona kalamu haikugusa karatasi.

"Na usiku ule dada yako alipofariki," sauti ikaendelea, taratibu, "nilikaa hapa ukutani mpaka ukanyamaza. Sikujua nikuambie nini. Tulikuwa hatusemeshani."

Hesselink alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akaikunja vizuri.

Kipimo kilionyesha mti ulikatwa mwaka 1397. Wakakubaliana boriti iachwe wazi pande zote mbili, na ukuta ubaki. Unyevu ulitoka kwenye mfereji wa paa la Hesselink mwenyewe. Niliziba ulipovuja, na hakuna aliyeutaja.

Nilipokuja kupaka lipu mpya nilimuuliza Hesselink anaitaka nene kiasi gani, kwani siku hizi kuna vifaa vya kuzuia sauti kabisa.

"Kama ya zamani," akasema.

"Nyembamba kidogo," sauti ikasema kutoka upande wa pili.

Hesselink alifikiri. "Fanya anavyotaka," akaniambia, akaenda jikoni kuchemsha kahawa.