Kilio cha Bibi Lango

Nchi nzima ilikuwa imewahi kumtukana Dada, na hakuna aliyemjua kwa sura. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu salio lao halitoshi. Yeye ndiye aliyewaambia, kwa sauti ile ile tamu, kwamba mteja hapokei, nao wakamjibu maneno yasiyoandikika. Hakujali. Kazi ni kazi, alizoea kusema, na tusi halivunji mfupa. Aliyemuumiza alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, ambaye hakuwahi kupokea simu yake tangu walipomzika mama yao. Kila akimpigia, simu iliita weee mpaka ikachoka, kisha Dada akaambiwa na sauti yake mwenyewe ajaribu tena baadaye. Hebu pima mwenyewe kero hiyo.

Siku moja mama mdogo, aliyekuwa na meza ya chai nje ya karakana ya kijana, akamletea habari.

"Mdogo wako siku hizi ana wazimu wa gemu," alisema. "Lile la kwenye simu, la wafalme na mazimwi. Wana kikundi chao, na yeye ndiye kiongozi. Eti Jemadari! Jemadari, na kufua soksi hajui. Halafu simu yake ikiita inalia kama mfiwa. Kuna kibibi humo kwenye gemu kinalia, basi yeye kakifanya mlio. Mafundi wanacheka mpaka wanashika mbavu."

Dada akauliza haraka. "Kibibi gani, Mama?"

"Mimi nitajulia wapi? Kinalinda lango, sijui."

Dada alikijua kibibi hicho, maana alikuwa ni yeye. Kabla ya kuajiriwa na kampuni ya simu aliwahi kuliazimisha sauti gemu moja liitwalo Milki ya Majivu. Alikuwa Bibi Lango, kizee anayemfungulia mchezaji mlango wa mwisho na kumwambia, "Pita, mwanangu. Mimi nitabaki na taa." Jina lake halikuandikwa popote, na sauti aliikwaruza mpaka hata jirani asingemtambua. Maneno aliandikiwa. Kilio hakuandikiwa na mtu.

Ilikuwa hivi. Mama yao alikuwa amelazwa, na asubuhi hiyo mwenyewe alimfukuza Dada kitandani pake aende kazini, asije akapoteza kibarua. Studio simu huzimwa. Alipobakiza sentensi moja wakapumzika kidogo, akawasha simu, akakuta mdogo wake amepiga na kupiga na kupiga, na mwisho ujumbe: Mama ametuacha. Mtu atauliza, si angekimbia? Alitaka. Miguu ilikataa. Fundi mitambo, ambaye hakujua lolote, akawasha taa nyekundu ya kurekodi kule nyuma ya kioo, na katika mwili mzima ni mdomo tu uliokubali kufanya kazi. Akaisema ile sentensi. Mwishoni pumzi ikamkatika katikati, ikamtoka sauti ambayo hajawahi kuitoa tena.

"Hiyo hiyo! Hatuigusi!" fundi mitambo akapiga makofi.

Alipofika hospitali, Mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mdogo wake akamuuliza alikuwa wapi, naye, kwa akili za mtu aliyefiwa, akajibu ukweli nusu: "Nilikuwa nimebakiza sentensi moja, nikaimaliza." Msibani, wakubwa walipouliza kama binti wa kwanza atasema neno, kijana ndiye aliyejibu. "Mwacheni," alisema mbele za watu. "Dada yangu humaliza kazi yake kwanza." Maneno hayo yalimwingia Dada yakafanya makao.

Basi akajiunga na kile kikundi kwa laini ya kazini, akajiita Kandili. Hakutafuta sifa. Alitaka mdogo wake ajue kilio kile ni cha nani na kinamlilia nani. Ana kwa ana kijana alishampa kisogo. Labda huko angemsikiliza.

Lo, kikundi chenyewe! Watu wazima na kazi zao, wanabishana kuhusu kizee kisichokuwepo kama wanagombea urithi. Mmoja aliyejiita Panga Butu alisema Bibi Lango analia kwa kuishiwa bando. Mwingine, Shangazi wa Zimwi, aliuliza kwa dhati kama ukimpa mkate ananyamaza. "Nimempa mikate yangu yote, bado analia, na sasa ninayekufa njaa ni mimi." Dada alicheka peke yake kwenye kile chumba chake cha kurekodia chenye kuta za sifongo, huku kachomeka vitafunwa shavuni. Nadharia nazo zilikuwa tele. Kwamba ni mama wa Mfalme wa Majivu, na anajua unakwenda kumuua mwanawe. Kwamba mwenyewe alikufa zamani, ndiyo maana hana kivuli. Kwamba watengenezaji walisahau kukata kikohozi.

Jemadari aliandika marefu kuliko wote. "Sikilizeni pumzi," aliandika. "Anayeigiza huvuta pumzi kwanza ndipo alie. Huyu kakatwa katikati. Huyu kalia kweli."

"Wewe umejuaje, Jemadari, ni daktari wa vilio?" Panga Butu akamtania.

"Mimi nilifiwa nikashindwa kulia. Mpaka leo. Huyu bibi ananililia, ndiyo maana nimemweka kwenye simu."

Mtu akatuma stika ya zimwi linalopenga kamasi, mambo yakaendelea. Dada alikuwa analia machozi hasa, si ya studio. Akasema moyoni, ndiyo leo. Damu nzito kuliko maji. Akaandika:

"Jemadari kasema kweli. Aliyetia sauti hiyo alikuwa ametoka kuambiwa mama yake amefariki. Alikuwa amebakiza sentensi moja. Miguu ilikataa kusimama."

Wapi! Walimrukia kama kuku kwenye mtama.

"Chanzo?"

"Kandili umelala njaa leo."

"Nadharia mbovu kuliko ya bando," alisema Panga Butu, na bando lilikuwa la kwake mwenyewe.

Shangazi wa Zimwi akaweka kura. Mama wa Mfalme aliongoza, kikohozi kikafuata, hata mkate ulipata watu. Ukweli wa Dada haukupata hata mmoja. "Na mtu gani," Shangazi akaongeza, "aambiwe mama yake kafa halafu abaki kusoma maneno ya gemu? Huyo si mtu, ni jiwe."

Dada akasubiri mtu mmoja tu. Pale juu paliandikwa: Jemadari anaandika. Pakakatika. Jemadari anaandika. Pakakatika tena. Alikaa na simu kifuani, akaisogeza, akaitazama, roho juu.

"Yupo mtu wa hivyo," Jemadari aliandika hatimaye. "Namfahamu."

Kisha pakatokea maandishi madogo ya kijivu: Jemadari amemwondoa Kandili.

Hakufikiri. Alimpigia hapo hapo, kwa laini ile ile. Ikaita. Alijua kule karakana, juu ya meza yenye bisibisi na mabomba ya shaba, ilikuwa inatoka sauti yake mwenyewe ya siku ile, inalia. Pokea, alinong'ona, pokea baba, pokea mdogo wangu. Ikaita mpaka mwisho. "Mteja unayempigia hapokei kwa sasa," akajiambia kwa adabu zote. Akapiga tena. Na tena. Mwenzake wa kazini akachungulia kwenye kioo, akamwonyesha saa: kulikuwa na tangazo jipya la kurekodi. Dada akamwashiria asubiri.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa mama mdogo.

"Wewe, umemfanya nini mdogo wako?" Alikuwa anahema. "Simu inalia pale mezani, anaitazama tu, haipokei wala haikati. Inalia, inalia, inalia. Mafundi wameacha kucheka, mmoja amekaa nje. Watu wanaogopa!"

"Amesema nini, Mama?"

"Maneno ya hasira tu, mwanangu."

"Niambie alichosema."

"Fundi mwenzake alitaka kuizima ile simu. Mdogo wako akamshika mkono. Kasema, mwacheni. Huyo humaliza kwanza."