Rakaa Mbili za Amur

Nilimchongea Amur kwa sababu ya sala yake, akafungwa. Hakuwa na kosa. Nalisema hili mwanzo ili nisije nikalizunguka.

Mwaka 1968 tulikuwa mafundi watatu Wadi Kabir, Muscat, chini ya banda la mabati: mimi, Marhoon na Amur. Tulitengeneza malori yaliyokuwa yakipelekwa Dhofar, kusini mwa Oman, kwenye vita dhidi ya makomunisti. Sote watatu tuliikimbia Unguja baada ya mapinduzi. Kaka yangu aliuawa kule na mpaka leo sijui alipozikwa. Na mwanangu Thabit alikuwa dereva huko huko Dhofar, kwenye lori moja katika hayo tuliyoyatengeneza.

Amur ndiye aliyehifadhi Kurani kuliko sisi, basi adhuhuri alitusalisha. Alisali rakaa mbili, akatoa salamu, mimi na Marhoon tukainuka kumalizia mbili zetu. Sala ya msafiri. Kwetu Waibadhi mtu anaweza kupunguza sala ya rakaa nne iwe mbili hata miaka kumi, maadamu hajatia nia kwamba hapo alipo ndipo kwao. Mimi nilitia nia siku niliyoshuka Muscat. Amur alikuwa ametimiza miaka minne hapa, bado msafiri.

"Shekhe, safari gani hii?" nilimtania. "Hata kobe angeshafika."

"Nasriya akija ntasali nne." Nasriya ni mkewe. Alinyimwa ruhusa ya kutoka Unguja.

"Nasriya akija," Marhoon akasema, "hata hizo mbili utazichelewesha."

Tulicheka. Kisha lori moja likakanyaga bomu la ardhini na madereva wawili wakafa. Thabit alikuwa kwenye lori la nyuma yake.

Tangu hapo sikucheka tena. Nilianza kumtazama Amur. Alipata barua kutoka Dar es Salaam zisizo na jina la mwandishi. Alikuwa na kijitabu alichoandikia namba za malori. Kila Ijumaa alikwenda Sidab, kijiji cha pwani, peke yake, na hakusema kwa nani. Na kila adhuhuri aliniambia, mbele ya Mungu, kwamba hapa si kwao. Kama si hapa, ni wapi? Ni kwa wale waliomuua kaka yangu?

Nilimwambia mke wangu, Mahfoudha. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Baba Thabit, mtu anamngoja mkewe. Nawe unamhesabia rakaa."

Mwezi wa Rajab nilikwenda kwa ofisa mmoja wa usalama nikamweleza yote. La barua halikumshughulisha. La sala ndilo lililomfanya aweke kalamu chini anisikilize.

Walimchukua Amur kesho yake. Barua zote zilikuwa za Nasriya, zilizopitishwa Dar kwa siri. Kijitabu kilikuwa cha vipuri. Sidab alikuwa akionana na baharia wa meli za Dar, aliyekubali kumtorosha Nasriya. Ofisa aliyajua hayo ndani ya wiki mbili, lakini kumwachia hivi hivi ilikuwa aibu kwake. Akaniita.

"Rafiki yako na asali rakaa nne mbele ya mashahidi, aape kwamba kwao ni hapa. Atatoka siku hiyo hiyo."

Nilimkuta Amur na pingu miguuni.

"Sali nne utoke," nikamwambia.

"Kwa nia gani?"

"Ya kukaa hapa. Si unakaa?"

"Nilimwambia Nasriya kwetu ni pale alipo yeye. Nikitia nia ya hapa leo, nimeshamwacha."

"Rakaa mbili tu za kuongeza, bwana. Nani atajua nia yako?"

"Huyo ninayemsalia." Kisha akauliza: "Nani alonisema?"

Nilitazama pingu. "Sijui."

"Haya. Nasriya anakuja na meli mwezi wa Shaaban. Kampokee wewe, umdhamini. Wewe ndugu yangu. Mwambie nipo."

Shaaban nilikwenda bandarini. Nilimwona Nasriya, mwembamba, amebeba sanduku la bati kichwani. Karani alisoma karatasi yake, akauliza kwa sauti: "Mke wa Amur bin Aflah, yule mfungwa. Nani anamdhamini?"

Nilikuwa hatua sita tu kutoka kwake. Atakayetia sahihi, jina lake litaandikwa pamoja na la Amur. Nilijua jinsi majina yanavyofika kwa ofisa, maana mimi ndiye niliyelifikisha la kwanza. Nikamfikiria Thabit. Karani akauliza mara ya pili. Nikajifanya natafuta tasbihi mfukoni.

Walimrudisha melini. Dar akakamatwa, akavushwa Unguja.

Mwaka 1970 alipokuja Sultani mpya, magereza yalifunguliwa. Amur alikuja bandani saa sita mchana. Nilimwambia yote, la ofisa na la bandarini, mbele ya Marhoon. Amur akakunja mikono ya kanzu. Alikwenda kutawadha, akarudi, akasimama mbele yetu. Alisali mbili, akatoa salamu. Sisi tukainuka kumalizia zetu.

Alifungwa miezi ishirini na miwili. Meno matatu hayapo. Sikio la kushoto halisikii. Nasriya aliolewa kwa nguvu Unguja, na Amur hakumwona tena. Kwangu mimi hakikupungua kitu: Thabit alirudi mzima, na lori lake.